Sahani ya Maua na Wembe wa Shangazi

Mara ya kwanza nilipoliona Ziwa Nyasa nilikaa chini. Baba alikuwa amenitangulia, gunia la maharage begani, na tulikuwa tumetembea kutoka kwetu milimani kwa kulala njiani nyumba za watu, maana siku hizo gari la kushuka huko halikuwepo. Tukatokea kwenye kilima cha mwisho. Chini nikaona kitu cha buluu kisicho na ng'ambo, kwa kuwa kulikuwa na ukungu na milima ya upande wa pili haikuonekana. Nikadhani mbingu imeanguka. Nikakaa kwenye nyasi nikamwambia baba sishuki. Akacheka mpaka gunia likamponyoka, na maharage mengine mpaka leo labda yanaota pale.

Tulikuwa tunakwenda Liuli kubadilisha maharage kwa usipa, wale dagaa wa ziwani. Baba alikuwa na mwenyeji wake huko, Mzee Yona, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya. Alitupokea tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akaleta maji tukanawa, akaweka ugali wa muhogo katikati, tukala naye sahani moja kama watu waliozaliwa pamoja. Mimi ugali wa muhogo sikuujua. Uliganda vidoleni, wanawe wakawa wananitazama ninavyohangaika na mkono wangu, nikaona aibu, lakini samaki alikuwa mtamu nikasahau aibu.

Kurudi tulipumzika kwenye mti mmoja, nyani akaja akachukua kifurushi cha usipa. Baba akamrushia kiatu. Yule nyani akakitazama kile kiatu, akarudi, akakichukua nacho. Baba alitembea na kiatu kimoja mpaka nyumbani, akakataa kukivua. Alisema nusu ya heshima ni bora kuliko kukosa yote.

Nimeanza mbali, najua. Nilisoma mpaka darasa la nne tu na sikufundishwa kuanza karibu. Lakini bila safari ile habari ya ini langu haina mlango. Kwa sababu ya sahani ile ya muhogo nyumba zetu mbili zikawa ndugu, na miaka ilipopita dada yangu Kandida akaolewa na mwana wa Mzee Yona. Wakatoliki wa kwetu na Waanglikana wa kule walizozana kidogo, halafu wakala wakanyamaza. Dada akamzaa Kolumba. Huyu Kolumba, sasa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyeugua kwanza.

Ilikuwa masika, vyoo vya ufukweni vikafurika, na watu wengi kijijini kwao wakaharisha. Kolumba yeye alipata homa, akatapika, akachukia hata harufu ya samaki anaowauza, na baadaye macho yakawa ya manjano. Hospitalini wakampima wakamwambia ni homa ya ini aina ya A, ile inayopita kwenye maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo. Wakasema haina kidonge chake, apumzike, anywe maji yaliyochemshwa, anawe mikono, na vyombo vyake vioshwe vizuri. Akalala, akakonda, akapona kabisa. Alipopanda kwetu akiwa na usipa wake mgongoni mwa bodaboda, alitufundisha habari ya mikono na sahani kama katekista. Tukamsikiliza. Mtu aliyepona ana mamlaka.

Mwaka uliofuata ikaja zamu yangu.

Ulikuwa msimu wa kuchimba ngolo. Kwa msomaji asiyejua, sisi Wamatengo tunalima miteremkoni kwa kuchimba mashimo ya mraba, tunafukia majani ndani, udongo unakuwa matuta pembeni, mvua haiondoki na shamba. Ni kazi ya mgongo. Mwanaume akiacha kuchimba ngolo watu wanamtazama kama aliyeacha kusali. Mimi nilichimba shimo moja nikakaa. La pili nikakaa. Mdogo wangu Otmari, ambaye maisha yake yote nimemshinda kwa jembe, akanipita kimyakimya, na adabu yake ile ya kutonitania ndiyo iliyonitisha.

Halafu mwili ukaanza mambo yake. Uso ulikonda huku tumbo likikua. Suruali ya kanisani ikakataa kufunga kifungo, na watu wakanipongeza kwamba nimenenepa. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Nikawashwa bila kipele, nikawa najikuna mgongo kwenye nguzo ya kichanja cha kahawa kama nguruwe, samahani kwa neno hilo lakini ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu Winfrida akanisimamisha asubuhi moja mlangoni, kwenye mwanga, akanivuta kope chini kwa kidole.

"Baba Alto," akasema, "haya macho umeyaazima wapi?"

Yalikuwa kama kiini cha yai.

Kwetu ukiumwa hivyo huendi kwanza hospitali. Unakwenda kwa Shangazi Osmunda. Huyu ni dada wa mwisho wa baba yangu, mdogo wa umbo, mzee kuliko sisi wote, mkali kama pilipili kichaa, na ndiye mwenye wembe wa ukoo. Wembe ule ni wa kukunja, ulitoka kwa babu, mpini wake umekuwa mweusi kwa mikono ya watu. Anaufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya kibuyu. Kichwa kikiuma sana, anakuchanja kwenye paji. Mgongo ukikataa baada ya ngolo, anakuchanja mgongoni. Mguu ukiteguka, anachanja kifundo. Anapaka unga wake mweusi kwenye chale, anaupangusa wembe kwa kile kitambaa, anaurudisha kibuyuni. Hakuna mtu wa ukoo wetu asiye na alama yake. Ukikutana na mtu mjini Mbinga ana vijistari viwili juu ya nyusi, muulize jina la babu yake, utakuta ni wetu.

Shangazi alinitazama macho akasema nyongo imepanda, damu imeshiba uchafu, itolewe. Akanichanja chini ya mbavu upande wa kulia. Nisikudanganye, jioni ile nilijisikia mwepesi. Nilikula. Nikasema nimepona, na Winfrida akasema ngoja tuone. Wiki haikuisha miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama ngolo ndogo. Alto, mwanangu mkubwa, akaita bodaboda, wakanipakia katikati kama gunia, tukapanda hospitali ya misheni.

Ukitaka kujua subira ni nini, kaa kwenye benchi la hospitali. Nililikalia benchi lile mpaka nikajua ubao upi unabana. Walinitoa damu, wakanirudisha benchini. Wakanipaka kitu cha baridi tumboni, wakapitisha mashine, wakanirudisha benchini. Nikaandikiwa kwenda hospitali kubwa ya mkoa, damu nyingine ikachukuliwa, nako kuna benchi. Muuguzi wa ile ya misheni anayeitwa Redempta, dada mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia, ndiye aliyekaa nami siku ya majibu. Akasema ni homa ya ini aina ya B, imekaa mwilini miaka mingi bila kelele, na ini limeanza kupata makovu. Akaeleza mengine mengi. Mimi nilisikia "homa ya ini" na baada ya hapo niliona mdomo wake unatembea tu. Wewe msomaji unayengoja majibu yako, nakuomba, usiende peke yako siku ya majibu. Nenda na mtu ambaye masikio yake yanafanya kazi. Mimi nilikuwa nimemwacha Alto nje anunue mkate.

Nikarudi nyumbani na vidonge na jina la ugonjwa. Bahati mbaya, au nzuri, Kolumba alikuwa amepanda na usipa. Aliposikia jina akasimama.

"Mjomba, hiyo naijua. Hiyo ni sahani."

Hakuna aliyebisha. Alikuwa ameugua, amepona, na jina lilikuwa lilelile, tofauti ya herufi hatukuijali.

Sasa hapa lazima nieleze sengu. Kwetu wanaume wa ukoo hatuli kila mtu nyumbani kwake. Jioni tunakutana kwa aliye mkubwa, kila nyumba inaleta chakula chake, kinawekwa katikati, tunakula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo. Hiyo ndiyo sengu. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha, lakini sisi bado. Aliye mkubwa ndiye anayemega tonge la kwanza, na mpaka amege, bakuli linasubiri. Tangu kaka yetu alipokufa mkubwa ni mimi. Shangazi Osmunda naye hukaa hapo, kwa kuwa shangazi wa umri ule kwetu anahesabiwa na wanaume, na hakuna wa kumwambia vingine.

Jioni ile, kwenye uwanja wangu mwenyewe, niliwekewa kigoda pembeni karibu na kichanja. Winfrida akanitolea sahani ya bati yenye maua mekundu, zawadi ya harusi yetu, pamoja na kifuniko chake. Sahani nzuri kuliko zote za nyumba. Aliiosha kwa maji ya moto kabla na baada, akaitundika peke yake. Hawakunifanyia kwa chuki, hilo nalisema wazi. Walikuwa wanalia. Otmari alikaa mbele ya bakuli na mkono hewani muda mrefu, akanitazama, nikamwashiria kwa kidevu, akamega tonge la kwanza. Alilimega dogo, kama anaiba.

Ndivyo nilivyokula mvua zote zilizobaki. Mazungumzo ya sengu yalinifikia kwa vipande. Mtu akicheka, nauliza nini, wananirudia kwa sauti, na kichekesho kikirudiwa kwa sauti kinakuwa tangazo. Rafiki yangu akawa jogoo. Alikuwa jogoo mwekundu asiye na adabu, kila nikifunua kifuniko yupo, nikamzoea, nikawa namgawia. Nilimwambia mambo ya ukoo. Hakuwahi kunipinga.

Dawa zilifanya kazi yake polepole. Za kukojoa zilishusha tumbo, miguu ikaanza kuonekana ina mifupa. Kile kidonge kingine nameza kila siku, na nitameza mpaka waniambie vinginevyo. Hakiuondoi ugonjwa, kinaulaza. Pombe niliikataa siku ileile, na hiyo kwangu haikuwa rahisi, maana ngolo na pombe ya mahindi kwetu vinatembea pamoja. Nilikwenda kilabuni mara moja na chupa ya chai. Wakanicheka mpaka chai ikapoa. Nikaona bora nibaki na jogoo.

Niliporudi kliniki maharage yalikuwa yanatoa maua. Benchini nikakaa na mzee mmoja wa dukani Mbinga mjini, anaitwa Mzee Salumu, ambaye wazee wake walitoka pwani. Kofia yake nyeupe ilikuwa safi kiasi kwamba nilificha kucha zangu. Akaniuliza nimekuja na nini, nikamwambia B. Akafurahi.

"Mimi C," akasema. "Tumtafute na wa A tufungue shule."

Nikamwambia A nipo naye nyumbani, ni mpwa wangu. Tukacheka mpaka mama mmoja aliyekuja na mtoto kutoka Matiri akahama benchi. Mzee Salumu akaniambia yeye amemaliza vidonge vyake, amepimwa tena, na ile C haipo, imekwenda. Alikuwa amekuja tu kuangaliwa ini. Nikaona wivu kidogo, nisikufiche, maana ya kwangu inalala tu na ya kwake imeondoka.

Kisha akafungua karatasi yenye maandazi, akakata moja akanipa nusu. Nikarudisha mkono. Nikamwambia, mzee mwenzangu, usile na mimi, hii ni ya sahani. Akanitazama kama mtu aliyesikia bei ya uongo.

"Nani kakuambia?"

Nikamweleza. Kigoda, sahani ya maua, kifuniko, jogoo. Nilieleza kwa fahari, kwamba kwetu tunajua kujikinga. Mzee Salumu akachukua ile nusu ya andazi niliyoikataa, akaiuma, akanipa iliyobaki. Nikaila. Muda wote ule hakuna mtu aliyekuwa amekula na mimi kitu kimoja.

Akamwita muuguzi Redempta alipopita. Safari hii nilisikiliza. Akasema ugonjwa wa Kolumba na wangu vinashiriki jina na vinashiriki ini, basi. Wa Kolumba huingia kwa mdomo, mtu hupona ukaisha. Wangu hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Kwenye ugali haupiti. Kwenye kikombe haupiti. Akasema sahani yenu haina kosa, mmeifunga bure.

Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Na wembe mnatumia vipi?"

Nikamwambia habari ya Shangazi. Nilikuwa bado na raha ya andazi, nikaeleza vizuri kabisa, jinsi alivyonichanja mbavuni kabla sijaja, na kwamba siku ya pili yake alimchanja mkwe wangu Editha, mke wa Alto, aliyekuwa ameteguka mguu mtoni. Wembe uleule. Muuguzi hakupaza sauti. Aliweka mkono wake juu ya wangu akasema, "Baba, nileteeni nyumba nzima. Na Editha aje kesho."

Mzee Salumu akaacha kutafuna.

Yaani tulijenga ukuta mbele ya bakuli, na nyuma mlango uko wazi. Niliporudi nilimwambia Winfrida na Alto, na Editha asubuhi akapanda bodaboda bila kunywa chai. Alikutwa hana. Lakini wakasema ugonjwa huu huchelewa kujionyesha, achanjwe sindano tatu kwa kupishana miezi, na apimwe tena kahawa zikiwa zinaishia. Hapo ndipo tutajua.

Ikabaki Shangazi. Sasa nani atamwambia mwanamke mzee, dada wa marehemu baba yako, kwamba wembe wake unaleta ugonjwa? Kwetu neno hilo likitoka vibaya linageuka jingine, na hilo jingine likishatoka halirudi kinywani. Nimeona koo zikivunjika kwa hilo. Nilikwenda kwake nikazungumza kuhusu kuku. Nikaenda tena nikazungumza kuhusu paa lake. Mara ya tatu nikamwambia nimechoka kwenda hospitali bila mzazi, na mzazi niliyebaki naye ni yeye, anisindikize. Hilo halikuwa uongo.

Akavaa khanga mpya. Njia nzima juu ya bodaboda alimfundisha dereva kuendesha. Muuguzi Redempta alimwamkia shikamoo kwa kupiga goti, akamweleza yote polepole, ugonjwa wangu, ugonjwa wa Kolumba, habari ya damu kidogo isiyoonekana inayobaki kwenye chuma hata ukipangusa. Akasema pia hakuna anayeweza kusema nimeipata wapi. Huenda nilizaliwa nayo. Huenda ni wembe, huenda ni kitu kingine, na kutafuta wa kumlaumu hakuponyi ini. Shangazi alipoambiwa apimwe naye, akaficha mkono ndani ya khanga.

Muuguzi akamwuliza chale zake yeye ziko wapi, ili ajue kama naye alichanjwa. Shangazi akatazama ukuta.

"Sina," akasema. "Mimi nachanja watu. Wembe nauogopa."

Nilitoka nje nikacheka nikiwa nimeshika nguzo. Ukoo mzima una alama zake, na yeye ngozi yake safi kama yai. Niliporudi ndani walimtoboa kidole akiwa amefumba macho na kunishika sikio. Hana ugonjwa. Akachanjwa sindano ya kwanza akasema inauma kuliko alivyofikiri, na kurudi nyumbani hakumfundisha dereva kitu.

Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwake, akachukua kibuyu, akaelekea chooni kwake, kile choo kirefu alichochimbiwa na baba. Nilisikia kitu kikigonga ukuta wa shimo, na baada ya muda kikafika chini. Akatoka na kibuyu kitupu. Akakitia mbegu za maboga.

Wote tulipimwa, safari kwa safari. Winfrida alikutwa aliwahi kukutana nayo na mwili wake ukaishinda mwenyewe, wala hakujua. Nikamwambia ndiyo maana sijawahi kumshinda kwa ubishi. Alto anayo. Haumwi, hana hata dalili, anakwenda kuangaliwa kila wanapomwita, na mtoto wao alishachanjwa tangu utotoni pamoja na chanjo za watoto. Nilihuzunika kwa Alto. Yeye akaniambia, baba, angalau tutakuwa tunakwenda wawili. Wengine wote walipewa sindano zao.

Utasema basi nilirudi kwenye bakuli. Sikurudi. Maneno ya muuguzi yaliingia kichwani, mkono ukakataa. Otmari alikuwa tayari kuniita, nilimwona, lakini Kolumba bado alikuwa anashuka na kupanda na ile habari yake ya sahani mdomoni, na kweli mwoga mkubwa nilikuwa mimi. Nilitazama mguu wa Editha, zile chale mbili kifundoni, nikawaza, kama akikutwa nayo, mimi nikae na watu hawa sengu moja kwa uso upi? Nikasema nitangoja jibu lake.

Jioni moja, kahawa za kwanza zimeanza kuwa nyekundu na baridi ya kwetu imeshuka mpaka watu wanakula wamejifunika blanketi, Shangazi Osmunda aliinuka kwenye sengu. Akavuta kigoda chake kwenye vumbi mpaka kwangu. Akamfukuza jogoo kwa mguu. Akanawa, akafunua kifuniko changu mwenyewe, akatia mkono kwenye sahani ya maua akamega.

Nikamwambia, "Shangazi, watakuona."

"Wana macho," akasema. "Sogea, unanibana."

Toka hapo tukawa wawili pembeni. Alisema yeye naye anangoja mguu wa Editha. Hakuomba msamaha na mimi sikutaka, maana ningemsamehe nini, mtu aliyetuuguza wote kwa alichokuwa nacho? Alikuwa anakula haraka na kunimalizia usipa. Alinisimulia mambo ya baba yangu ambayo sikuyajua, kwamba kile kiatu kilichochukuliwa na nyani hakikuwa chake, alikiazima kwa padri. Nilipokuwa na jogoo nusu ya chakula ilikuwa yake. Shangazi akiwa hapo nilianza kunenepa, safari hii kunenepa kwa kweli, suruali ikajaa sehemu zinazotakiwa. Tulichuma kahawa, tukaanika. Editha akapata sindano ya mwisho. Kila alipopita na ndoo, Shangazi alitazama kifundo chake, halafu anatazama mahali pengine.

Jibu lilikuja kahawa ziko kichanjani. Alto na Editha walikuwa wamekwenda hospitali pamoja, Alto kuangaliwa, mkewe kupimwa tena. Tuliwasikia kwa mbali, bodaboda inapanda kilima chetu kwa shida, na sengu ilikuwa imeshakaa. Kolumba alikuwepo, ameleta mzigo. Bakuli lilikuwa katikati na mvuke wake. Editha akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kigoda cha Shangazi, akapiga goti, akaweka mguu ule mbele yake.

"Hamna kitu, bibi," akasema. "Na sasa nimekingwa."

Shangazi akakishika kile kifundo kwa mikono miwili. Alikishika muda mrefu. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, akainuka, akabeba kigoda chake, akakirudisha pale kilipokuwa zamani, kushoto kwa Kolumba. Akamwambia Kolumba asogee na mambo yake ya sahani. Kolumba akasogea. Akanitazama, yule mpwa wangu mwenye ndevu, akashika birika la maji ya kunawa akaliinua kuelekea upande wangu, akabaki amelishika hivyo.

Otmari alikuwa mbele ya bakuli. Mikono yake yote miwili ilikuwa magotini.

Hakuna aliyesema karibu. Mwenye uwanja hakaribishwi. Ugali ulikuwa unapoa, na kwa desturi yetu hakuna ambaye angeugusa.

Nikainuka. Sahani ya maua niliiacha juu ya kigoda na kifuniko chake pembeni, jogoo akaruka juu kabla sijapiga hatua. Nikanawa kwenye birika la Kolumba, nikamega tonge la kwanza, na pembeni pale sikurudi tena.